Ukwapi na Utao

Wahenga walinena kwamba mficha maradhi kilio humfichua. Lakini yuko mwalimu mmoja mstaafu, mkaazi wa Mji Mkongwe wa Unguja, ambaye hakuficha maradhi yake hata siku moja, na bado kilio kilimkaribia. Kosa lake halikuwa kuficha, lilikuwa kugawa.

Pumu alikuwa nayo tangu utotoni. Kwa miaka zaidi ya thelathini alisomesha ushairi skuli, na pampu yake ya buluu, yenye salbutamoli, haikumtoka mkobani. Alipoghani, alizoea kuvuta pumzi penye kina cha kati, na wasikilizaji wakadhani ni madaha.

Alipotimiza miaka sitini na miwili, sauti ilianza kukwaruza, baridi ikamwandama hata katika joto la kaskazi, na usingizi ukamshika mchana. Damu ilipopimwa, ilionekana tezi ya shingo imelegea. Akaandikiwa levothairoksini, kidonge kimoja kila siku, umri wake wote. Homoni hiyo ndiyo ile aliyoitenga Edward Kendall huko Marekani, siku ya Krismasi ya mwaka 1914.

Baada ya miezi michache mikono ilianza kutetemeka na moyo kwenda mbio. Daktari wa shingo alimweleza habari za shingo, na wa kifua habari za kifua. Huyu akapata ukwapi, yule akapata utao. Hapana aliyeusoma mshororo mzima. Mwisho akaenda mahali pa tatu, akataja moyo peke yake, akaandikiwa propranololi.

Kwenye duka la dawa alimkuta kijana.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu."

Kijana aliisoma karatasi, kisha akauliza swali ambalo hapana mwengine aliyeliuliza: "Bibi, una pumu?"

Mwalimu akaitoa pampu mkobani, akaiweka mbele yake. Kijana akamrejeshea karatasi kwa mikono miwili. "Hii siwezi kukupa. Rudi kwa daktari leo hii, umwambie yote."

Propranololi ni dawa yenye heshima yake. James Black, aliyeivumbua katika miaka ya 1960, alitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1988. Hutuliza moyo kwa kufunga milango fulani mwilini, ila milango ya namna hiyo imo mapafuni pia, na ndiyo salbutamoli inayoibisha ili njia za hewa zifunguke. Kwa mwenye pumu, kifua chaweza kubana, na pampu ikapulizwa bila ya kufaa.

Daktari, alipokwisha kusikia yote, aliviweka kidonge na pampu mezani pamoja. Viwili hivyo havigombani. Lakini kila kimoja, kikizidi, huukimbiza moyo. Damu ilionyesha kipimo cha kidonge kimezidi. Na pampu ya buluu ilikuwa ikivutwa mara nyingi kwa siku, kwa sababu ile ya kinga, ya asubuhi na jioni, mwalimu alikwisha kuiacha. Kidonge kikapunguzwa, damu ikapimwa tena baada ya wiki sita. Pampu ya kinga ikarejea, pamoja na kusukutua mdomo kila baada ya kuivuta. Moyo ukatulia bila ya dawa ya tatu.

Siku hizi akiamka humeza kidonge kwa maji matupu, akangoja saa nzima ndipo anywe chai ya maziwa. Vidonge vya kalsiamu, alivyopewa kwa ajili ya mifupa, huviweka mbali kwa saa nne, maana huzuia homoni isiingie mwilini. Mwezi wa Ramadhani hukitanguliza kidonge saa moja kabla ya daku. Pampu haina haja ya kungoja kidonge, kwani kazi yake iko mapafuni. Wala hathubutu tena kuacha dawa, au kuongeza, kwa shauri lake mwenyewe.

Ndani ya mkoba, ubavuni mwa pampu, mna karatasi aliyoiandika kwa mkono wake: maradhi yote, dawa zote, kila moja na kipimo chake. Kila afikapo kwa tabibu huitoa kwanza, kabla hajaulizwa linalomuuma.