Machicha Niliyompelekea Shangazi

Vifaranga kumi na kimoja vya bata vilikufa Bububu ndani ya siku nne, na aliyeviua ni mimi. Jambo hili nimelinyamazia miaka sita.

Nilikuwa mwanafunzi, nikitafuta kuvu ya kuzalisha lipasi, kimeng'enya kinachovunja mafuta, kile kinachotiwa kwenye sabuni za unga. Wenzetu wa Mediterania wamejaribu kukuza kuvu kwenye maji machafu ya kukamulia zeituni, na Malaysia kwenye yale ya mawese. Unguja hatuna viwanda hivyo, lakini majiko ya Mji Mkongwe yanakaanga kutwa, na maji yao ya mafuta huishia baharini. Nililipenda wazo lile kwa moyo wote. Bado nalipenda.

Nyumba moja ya wageni Shangani iliniruhusu kuchota maji kwenye kishimo cha kunasia mafuta. Nikayachanganya na machicha ya nazi, nikapandikiza kuvu niliyoikwangua kwenye mbata iliyovunda. Siku ya tatu machicha yakaota weupe kama pamba. Siku ya tano weupe ukageuka kijani cha manjano, unga mwepesi unaobaki kidoleni. Nilikamua, nikatonesha maji yake kwenye jeli yenye mafuta, na duara angavu likafunguka kuzunguka tone. Nilikaribia kulia kwa furaha.

Ipo kuvu iitwayo Aspergillus oryzae. Wajapani wameichachushia soya kwa karne nyingi, na mwaka 1894 Jokichi Takamine alipata hataza Marekani ya kimeng'enya kilichotokana nayo. Rangi yake ni hiyohiyo. Basi nikaandika daftarini: oryzae. Ushahidi sikuwa nao, nilikuwa na hamu tu. Ndugu yake, Aspergillus flavus, anafanana naye hata chini ya hadubini, naye ndiye hupenda mbata, karanga na mahindi, na ndiye hutoa sumukuvu. Hilo nilikuwa nalijua. Mwaka 2004 sumukuvu ya mahindi iliua watu 125 mashariki mwa Kenya; niliwahi kujibu swali kuhusu hilo kwenye mtihani.

Ikabaki ndoo nzima ya machicha yaliyokwisha kukamuliwa. Kuyatupa niliona israfu, na Shangazi amewalisha bata wake machicha tangu nipate akili. Nikayachemsha, nikampelekea.

"Mbona rangi hii, mwanangu?" Akayanusa.

"Nimeyachemsha, Shangazi. Haya yana nguvu kuliko ya siku zote."

Akaniombea dua. Kuchemsha huua kuvu. Sumu iliyokwisha kutolewa haiendi na mvuke. Hilo nalo nilifundishwa.

Vifaranga viliacha kula, vikawa vinayumba, halafu vinalala ubavu na shingo zimepinda kwa nyuma, miguu ikipiga hewani. Nilikishika kimoja mkononi hadi kikatulia. Ningeweza kuyapima machicha yaliyobaki. Badala yake niliyafukia usiku na kuisugua ndoo kwa jiki.

Baadaye nilisoma kwamba mwaka 1960 batamzinga zaidi ya 100,000 walikufa Uingereza kwa mashudu ya karanga, na ndipo sumu hii ilipogunduliwa. Watafiti walipotaka kuipima chakulani, walitumia vifaranga vya bata, kwa kuwa ni miongoni mwa viumbe inaowadhuru upesi zaidi. Niliufunga ukurasa ule, nikashindwa kuendelea.

Lakini kinachoniuma zaidi si bata. Shangazi alikuwa amegombana na jirani yake kwa ajili ya bata hao kuingia kwenye matuta ya mchicha. Akaamini wametiliwa sumu. Wanawake wawili waliokuwa wakipelekeana futari wakaacha hata kusalimiana, na mimi nilikuwa nikila wali kwa Shangazi, nikimsikia akimlaani yule mama, nikiinamia sahani. Mara moja aliniuliza, "Wewe msomi, hii si sumu?" Nikajibu ni sumu, Shangazi. Nikaishia hapo.

Mwezi uliopita nilikwenda. Nilimkuta kakaa juu ya mbuzi anakuna nazi. Nikamweleza yote tangu kishimo cha Shangani. Mbuzi ikanyamaza. Akaiweka nazi kwenye ungo, akajifuta mikono, akajitanda kanga.

"Inuka," alisema. "Twende kwa mwenzangu. Utayasema wewe mwenyewe."