Hesabu ya Bahati

Bahati haina mwalimu wala mwanafunzi, lakini fedha zinazokusanywa kwa jina lake hazina budi kuwa na karani mwaminifu. Neno hili mimi nililijua kwa aibu kabla sijalijua kwa akili. Aibu ni mwalimu wa ghali, na kwa sababu hiyo napenda kukupa wewe, msomaji wangu, somo lake bure.

Kwanza tuulizane: bahati nasibu ni nini? Ni mchango wa watu wengi, ambao sehemu yake hurudi kwa wachache kwa njia ya kura. Sehemu ya pili huenda katika kazi iliyotajwa, kama vile shule, hospitali au michezo. Sehemu ya tatu huliwa na gharama. Mnunuzi huona sehemu ya kwanza tu, maana ndiyo inayong'aa. Hizo mbili nyingine hukaa gizani, na gizani ndiko mkono wa mwizi unakofanya kazi.

Serikali zimeitumia njia hii tangu zamani. Malkia Elizabeth wa Kwanza wa Uingereza alitangaza bahati nasibu ya kutengeneza bandari za nchi yake, na kura yake ikachezeshwa London mwaka 1569. Kwetu Afrika Mashariki, Kenya ilitunga sheria ya kamari na bahati nasibu mwaka 1966, Uganda ikatunga sheria ya bahati nasibu ya taifa mwaka 1967, na Tanzania mwaka 1974. Sheria ya Kenya ya 1966 iliweka bodi ya kutoa leseni na kusimamia michezo hiyo, nayo ilidumu mpaka mwaka 2025 ilipotungwa sheria mpya mahali pake. Katika sheria ile ya kale mlikuwa na sharti moja la kukumbukwa: bahati nasibu ya umma ilitakiwa itoe si chini ya asilimia 25 ya mapato yake yote kwa kazi njema iliyotajwa. Angalia vema, msomaji. Sharti halikusema asilimia 25 ya faida, bali ya mapato yote. Faida huweza kufichwa kwa kuongeza gharama, lakini mapato yote ni idadi ya tiketi mara bei yake, na idadi ya tiketi yaweza kuhesabiwa na mtoto.

Sasa sikiliza habari yangu. Mwaka 1996 nilikuwa kijana niliyetoka shule karibuni, nikiishi Bulapesa, hapa Isiolo. Mji wetu ni mji wa njia panda. Mborana, Msomali, Msamburu, Mturkana na Mmeru hukutana sokoni, kila mmoja na lugha yake, na Kiswahili kikawa daraja lao. Mvua ilikuwa haba, na shule moja ya mtaani haikuwa na tangi la maji. Wazee wakakaa, wakapatana tuchezeshe bahati nasibu ndogo kwa kibali, na zawadi iwe mtamba mmoja wa Kiborana. Kwa kuwa nilijua kuandika vizuri, nikafanywa mweka hazina.

Hesabu yetu ilikuwa nyepesi. Tulichapisha tiketi 1,000 katika vitabu 20, kila kitabu tiketi 50, na bei ya tiketi shilingi 20. Zote zikiuzwa, mapato yangekuwa shilingi 20,000. Mtamba alinunuliwa kwa shilingi 9,000, uchapaji ukachukua 800, na shilingi 10,200 zilizosalia zilikuwa za tangi. Kwa hiyo kila mnunuzi aliyetoa shilingi 20 alinunua matumaini ya shilingi 9, na shilingi 11 alitoa kwa tangi na karatasi. Ikiwa alijua hivyo akaridhika, hakudanganywa. Biashara ya bahati nasibu huwa halali au haramu ya moyo kwa jambo hilo tu: je, mnunuzi anajua shilingi zake zinakwenda wapi?

Vitabu niliwagawia wauzaji. Wengine walitia sahihi katika daftari, wengine sikuwadai sahihi, maana walikuwa watu wazima na mimi niliona haya kuwaandika kama wezi. Hapo ndipo kosa lilipozaliwa. Usiku wa kuamkia siku ya kura nilivihesabu vitabu vilivyorudi, nikapata 19. Kitabu cha 13, chenye tiketi 601 mpaka 650, hakikuwapo. Nilimpa mtu mmoja wa soko la mifugo, naye alikuwa amesafiri na ng'ombe kwenda Merti. Nilijiambia, labda hakuuza hata moja. Nikalala, lakini usingizi haukulala nami.

Kesho yake watu wakajaa uwanjani. Vipande vilivyobaki vitabuni vilikatwa vikatiwa debeni, debe likatikiswa, na mtoto aliyefungwa kitambaa machoni akachovya mkono. Akashinda mtu mmoja mwenye familia kubwa. Akapiga kelele za furaha, akamfunga mtamba kamba shingoni, na watu wakampigia makofi.

Watu walipoanza kutawanyika, mama mmoja mzee, muuza maziwa ya ngamia, akanijia na tiketi yake mkononi. Akaniuliza, "Mwanangu, namba yangu 613 ilikuwamo debeni?"

Nikajibu, "Ilikuwamo, mama."

Akasema, "Alhamdulillahi. Basi si riziki yangu," akageuka kwenda zake ametulia kabisa.

Utulivu wake ulinichoma kuliko tusi. Lau angalinitukana, ningalijitetea. Lakini alikuwa ameliamini neno langu, akaitupia riziki lawama iliyokuwa yangu. Nilimwona akienda hatua kumi, hatua ishirini, kisha miguu yangu ikamfuata kabla sijaiamuru. Nikamwambia, "Mama, nisamehe. Haikuwamo." Halafu nikarudi mbele ya wazee, nikasema mbele ya watu wote kwamba kura ilichezeshwa kwa tiketi 950, si 1,000.

Kelele iliyofuata siwezi kuiandika. Wengine walisema watu wa kile kitabu warudishiwe shilingi zao, mambo yaishe. Mzee mmoja akawajibu kwamba waliuziwa nafasi, hawakukopesha shilingi. Nafasi hairudishwi kwa shilingi. Ikaamuliwa kura ile ibatilishwe. Kamba ikafunguliwa shingoni mwa mtamba. Mshindi hakuwa ameiba kitu wala kusema uongo, tena watoto wake walikuwa wamekwisha kumpa mtamba jina. Alinitazama, hakusema neno.

Baada ya siku 11 yule muuzaji alirudi kutoka Merti na kitabu chake na shilingi 1,000 kamili. Alikuwa ameuza tiketi zote 50, na hakupunguza hata senti. Yeye alikuwa mwaminifu; asiyefaa alikuwa daftari langu. Kura ikachezeshwa upya. Hakushinda yule mama, wala hakushinda yule mshindi wa kwanza. Akashinda mlinzi wa usiku wa duka moja. Tangi lilijengwa. Lakini yule aliyenyang'anywa mtamba aliniamkia kwa ubaridi mpaka mwisho wa maisha yake, nami sikuwa na haki ya kumlaumu.

Labda utasema, hayo ni mambo ya debe na mtamba, serikali zina mitambo na wataalamu. Basi tutazame mbali kidogo. Katika jimbo la Pennsylvania, Marekani, bahati nasibu ni ya jimbo lenyewe. Tarehe 24 Aprili 1980 namba tatu zilizotoka mbele ya televisheni zilikuwa 666. Baadaye ilijulikana kwamba mtangazaji wa kura na wenzake walikuwa wametia rangi ndani ya mipira ili iwe mizito, isipokuwa mipira ya namba 4 na 6. Kwa hiyo namba ambazo zingeweza kutoka zilikuwa nane tu. Walioshiriki siri walizinunua zote nane kwa wingi, na wingi huo ndio uliowafichua, maana tiketi zilikuwa zimeandikwa na vitabu vilisema.

Hata kompyuta haikuzuia tamaa. Katika jimbo la Iowa, tiketi ya zawadi ya dola milioni 16.5, ya kura ya tarehe 29 Desemba 2010, ilikaa karibu mwaka mzima bila mwenyewe kujitokeza. Uchunguzi ulionyesha kwamba aliyeinunua alikuwa mkuu wa usalama wa kompyuta katika chama kilichoendesha kura za majimbo kadha. Alikuwa ameingiza maagizo ya siri katika programu ya kuchagua namba. Mwaka 2017 alihukumiwa kifungo. Mlinzi wa mlango ndiye aliyekuwa na ufunguo wa dirisha.

Tena kuna jambo la Zimbabwe. Mwezi wa Januari 2000 benki moja ambayo serikali ilikuwa na hisa ndani yake ilichezesha kura kwa wateja wake, na jina lililotoka kushinda dola 100,000 za nchi hiyo lilikuwa la Rais Robert Mugabe. Yawezekana ilikuwa bahati tupu. Kura haibagui wakubwa. Lakini watu wengi hawakuamini. Hapo pana fundisho kubwa: haitoshi kura iwe ya haki, hapana budi ionekane kuwa ya haki, na kuonekana huko hakuji kwa matangazo bali kwa hesabu iliyo wazi.

Basi msimamizi mwema afanye nini? Ahesabu tiketi kabla ya kuuzwa na baada ya kuuzwa. Fedha za zawadi azitenge na fedha za kuendeshea kazi. Kura ichezeshwe hadharani, mbele ya mtu asiye na fungu ndani yake. Zawadi zisizodaiwa zisizame mfukoni mwa mtu, bali ziwe na njia yao iliyoandikwa. Na zaidi ya yote, anayechezesha asiwe ndiye anayejikagua. Serikali inapomiliki bahati nasibu huwa mchezaji na mwamuzi kwa pamoja, kwa hiyo yahitaji jicho la tatu. Katika nchi yetu Katiba ya mwaka 2010 imempa Mkaguzi Mkuu wa Hesabu kazi ya kukagua fedha za umma na kutoa taarifa katika miezi sita baada ya mwaka wa fedha kwisha. Taarifa hiyo hupelekwa Bungeni au katika baraza la kaunti, nayo si siri. Ewe kijana, kaunti ya Isiolo nayo ina kurasa zake katika taarifa hizo. Jifunze kuzisoma kabla hujajifunza kulalamika.

Lakini hata bahati nasibu safi kabisa si njia ya utajiri. Katika mchezo wa kuchagua namba sita kati ya 49, zipo njia 13,983,816 za kuchagua, na moja tu ndiyo ya ushindi mkubwa. Ukinunua tiketi moja kila juma, yakupasa kutazamia kungoja zaidi ya miaka 260,000. Huko Uingereza bahati nasibu ya taifa, iliyoanza mwaka 1994, imetoa zaidi ya pauni bilioni 40 kwa kazi njema, na hilo ni jambo la kusifiwa. Lakini pauni hizo hazikushuka mbinguni, zilitoka mifukoni mwa walioshindwa. Mara nyingi mwenye haja kubwa ndiye mwenye ndoto kubwa, naye akitoa shilingi yake ya mwisho kwa ajili ya ndoto, huwa amelipa kodi ambayo tajiri hakulipa. Ndiyo maana sheria imekataza watoto chini ya miaka 18 kuingia katika michezo hii, na ndiyo maana anayepokea shilingi ya maskini huyo ana deni kubwa la uaminifu.

Baada ya kazi ile ya tangi niliandika hesabu yote katika karatasi moja: mapato shilingi 20,000, mtamba 9,000, uchapaji 800, tangi 10,200. Nikaibandika katika mlango wa duka, kila mtu aione. Yule mama muuza maziwa hakujua kusoma. Alisimama, akamwomba mtoto wa shule amsomee, mstari baada ya mstari, mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Na 613 imo katika hizo elfu ishirini?" Mtoto akanitazama. Nikajibu, "Imo, mama," na safari ile ilikuwa kweli. Akachukua kibuyu chake akaenda sokoni.

Siku moja, msomaji, utakabidhiwa fedha za wengine: za darasa, za chama, labda za taifa. Atakuja mtu mwenye tiketi moja mkononi akuulize kama namba yake imo. Iweke kazi yako katika hali ambayo utaweza kumjibu bila kugeuza macho.