Kiringye: Wi-Fi ya kibandani ina milango miwili

Kiringye, kando ya barabara ya taifa namba 5. Jua linapoingia nyuma ya milima ya upande wa Lemera, vijana hukusanyika mbele ya kibanda kimoja cha kuchaji simu. Mwenye kibanda ana kifaa kidogo cha Wi-Fi, kinachokamata mtandao kwa laini ya simu na kuugawia majirani. Ukilipa franka chache, anakuandikia neno la siri, unaingia WhatsApp na Facebook. Kila asubuhi hulibadilisha neno hilo, ili wa jana asiingie leo bila kulipa.

Hata hivyo forfe yake ya mwezi ilianza kuisha kabla ya nusu ya mwezi. Kwanza alilaumu kampuni ya simu. Kisha akamtazama mdogo wake, anayebaki kibandani yeye akienda shambani. Nani mwingine alijua neno jipya? “Yaya, si miye,” kijana alisema. Hakusikilizwa. Alifukuzwa kibandani, na kwa majuma mawili ndugu hao walikula sahani moja bila kusemezana.

Ukweli uliletwa na mwanafunzi aliyekuja likizo kutoka Bukavu. Aligeuza kifaa, akasoma namba za anwani zilizobandikwa chini yake, akaziandika kwenye simu. Ukafunguka ukurasa wa kuongozea kifaa. Ulipoomba jina na neno la siri, aliandika “admin” mara mbili, kama ilivyochapwa kwenye karatasi ileile. Ukakubali. Ndani yake kulikuwa na mtandao wa pili, uliofichwa jina, ambao mwenye kibanda hakuufungua kamwe.

“Yaya, hapa haukubadilisha kitu tangu ulinunua?” mwanafunzi aliuliza. Hakuwa amebadilisha. Hata hakujua kwamba ukurasa huo upo. Mteja mmoja alilipa siku moja tu, akaingia humo, akajifungulia njia yake mwenyewe. Neno la kila asubuhi halikumhusu tena.

Huyo aliiba mega tu. Kule Brazil, kuanzia mwaka 2011, wezi walitumia makosa ya kurasa kama hizo kuingia katika modemu zaidi ya milioni 4.5 za watu. Hawakuiba mega. Walibadilisha mpangilio unaoiambia simu au kompyuta tovuti fulani inapatikana wapi. Mtu aliandika anwani sahihi ya benki yake, akapelekwa kwenye ukurasa wa uongo, na siri zake zikaibwa. Kifaa cha kibanda kikichezewa hivyo, hatari inampata kila mama na kila kijana aliyejiunga nacho.

Tena neno gumu peke yake halitoshi. Mwezi wa 12 mwaka 2014, wataalamu wa Check Point walitangaza kosa katika RomPager, programu inayoonyesha ukurasa huo katika vifaa vya aina nyingi. Walihesabu vifaa visivyopungua milioni 12 katika nchi 189. Kwa kosa hilo mtu aliweza kukitawala kifaa bila kujua neno lolote la siri. Mtengenezaji wa programu alikuwa amelisahihisha tangu mwaka 2005, lakini dawa haikuvifikia vifaa vingi vilivyokuwa tayari majumbani.

Kwa hiyo mwanafunzi alifanya mambo manne: aliweka neno jipya refu la ukurasa, lisilofanana na lile la Wi-Fi, alifuta mtandao uliofichwa, alizima ruhusa ya kufungua ukurasa huo kutoka nje, akapakua programu mpya ya kifaa, iliyokula sehemu ya forfe. Mwenye kibanda alinung’unika kidogo kwa mega hizo, kisha akanyamaza. Wateja nao aliwaambia: simu ikikuonya kwamba tovuti si salama, usilazimishe kuingia.

Jioni ile alimwita mdogo wake. Hakuomba msamaha kwa maneno mengi. Alimpa kalamu, akamwambia achague neno la ukurasa yeye mwenyewe na aliandike kwenye daftari linalokaa nyumbani. Kesho yake kijana alikuwa tena kibandani.

Vibanda vya namna hii ni vingi kati ya Uvira na Kamanyola. Mwenye kifaa akigeuze leo, asome kilichobandikwa chini.