Siku Tatu Mbamba Bay, Jua Likiwaka

Tulipoambiwa meli ya kwenda Kyela haitang'oa nanga kwa sababu ya hali ya hewa, nilitoka nje ya nyumba ya wageni kuihakikisha hiyo hali ya hewa kwa macho yangu. Anga jeupe, wingu hakuna. Jua la Julai linawaka, wanawake wameanika dagaa, watoto wanacheza mpira ufukweni. Nikajua tunadanganywa.

Kosa langu lilikuwa kuja Ziwa Nyasa na akili ya Bukoba. Kule Ziwa Victoria dhoruba hujitangaza. Mwaka juzi nilikaa bandarini Bukoba nikisubiri meli ya kwenda Mwanza. Giza halijatulia vizuri, radi zikaanza kupasuka majini, mvua ikatupiga hata chini ya paa. Ziwa lile huhifadhi joto la mchana. Usiku nchi kavu ikipoa, pepo nyepesi hutoka pande zote kuelekea ziwani, hukutana juu ya maji yenye joto, hewa hupanda na mawingu ya radi hujengeka. Ndiyo maana wavuvi wa kule huogopa usiku kuliko mchana. Lakini dhoruba ile ina adabu moja: huondoka. Tulitafuna kahawa zetu, zile za kukaushwa na maganda yake ambazo Wahaya huziita akamwani, na baada ya saa tatu tukapanda meli na viatu vimelowa. Hakuna aliyemuuliza nahodha kwa nini alichelewa.

Mbamba Bay hulowi. Ukisimama kwenye ghuba, milima imekukinga mgongo na maji ya karibu yanachezacheza tu. Panda kilima kidogo utazame nje ya ghuba. Huko ziwa limegeuka rangi, jeusi lenye michirizi myeupe, na mawimbi yanapita kwenda kaskazini bila kupumzika, kama ng'ombe wanaorudi kutoka malishoni.

Mimi ni mtu wa Tanga, kusi naijua. Iliniuma kidogo kuchelewa kutambua kwamba huu ni upepo wa ukoo uleule, unaotoka kusini mashariki miezi hiyohiyo ya kiangazi na kuyasukuma majahazi kwenda Lamu. Ng'ambo, Malawi, wanauita mwera, na hapa pia niliwasikia wengine wakiuita hivyo. Tofauti ni umbo la maji. Ziwa Nyasa lina urefu wa kilomita kama 560, na pale lilipotanuka zaidi upana wake ni kilomita 75 hivi. Milima imelibana kama mfereji. Upepo ukishaingia humo hufuata urefu wa ziwa, na wimbi lililozaliwa kusini lina mamia ya kilomita za kukua kabla ya kufika Matema, kule kaskazini. Tena hauchoki kwa saa tatu. Huvuma siku tatu, nne, hata tano, chini ya anga safi.

Livingstone, aliyefika ziwa hili 1859, anasemekana aliliita Ziwa la Nyota, na baada ya kupigwa nalo akaona linastahili kuitwa Ziwa la Dhoruba. Askofu Chauncy Maples alizama humu 1895, mashua yake ilipopinduka usiku katika dhoruba. Julai 1946 meli Vipya ilipinduka upande wa magharibi, na watu zaidi ya 140 wakafa. Julai, mwezi huuhuu niliokuwa nikinung'unika.

Aliyenitoa ujinga ni baharia mmoja niliyemkuta akinywa chai kibandani.

"Dada, unadhani tunaogopa katikati ya ziwa?" aliniuliza. "Upepo ungetusukuma tu mpaka Kyela. Tunaogopa vituo."

Akanionyesha kwa vikombe. Kikombe kikubwa ndiyo meli, kidogo ndiyo mtumbwi. Kuna mahali njiani ambapo gati hakuna: meli husimama mbali na ufuko, mitumbwi huja kuchukua watu na magunia. Akakiinua kikombe kidogo, akakishusha, akakiinua tena kando ya kile kikubwa, chai ikamwagika mezani.

"Sasa hapo mama ana mtoto mgongoni na kuku mkononi. Aruke wakati gani?"

Sikuwa na jibu. Nililipia chai zote mbili.

Siku ya pili nusu ya abiria walishapungua. Barabara ya Mbinga, kilomita 66, sasa ni lami, na mwenye haraka anapanda basi akazungukie Songea. Zamani mtu wa hapa alisubiri kwa kuwa hakuwa na njia nyingine. Siku hizi anayebaki amechagua kubaki, au mzigo wake hauingii kwenye basi. Mwenzangu wa benchi alikuwa na kabati la nguo. Alilifunga kwa turubai la bluu na kulala kando yake usiku wote.

Upepo huu huonekana pia kwenye sahani. Wa dagaa hawatoki usiku, na kufikia siku ya tatu mama ntilie alikuwa ameacha kabisa kumtaja samaki mbasa. Tulikula ugali wa muhogo kwa maharage. Bukoba, dhoruba ikipita, sokoni ndizi ziko palepale.

Jioni hiyo nilimkuta mzee akitengeneza wavu.

"Shikamoo babu. Kesho tutaondoka?"

"Marahaba mjukuu wangu. Unauona moshi ule?"

Moshi wa jiko la kubanikia samaki ulikuwa umelala kabisa kuelekea kaskazini, kama shuka iliyovutwa.

"Ukisimama, meli nayo itang'oa nanga. Ukilala hivyo, na wewe kalale."

Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa upepo na mawimbi kwa maziwa yetu, na simu yangu ilikuwa imesema angalizo tangu siku ya kwanza. Nilikuwa nimelisoma huku nikitazama jua, nikalidharau. Moshi wa mzee ulisema jambo lilelile; tofauti ni kwamba niliuona.

Siku ya nne, saa kumi na moja alfajiri, niliamshwa na ukimya. Mabati hayakuwa yakigongana. Nikaenda dirishani: moshi ulikuwa umenyooka kama mlingoti. Saa tatu tukawa njiani, tukapita Liuli, tukapita Manda, na mama mmoja mwenye kuku alishuka kwenye mtumbwi bila hata kushika kamba.

Ukienda Julai, beba sweta, maana usiku kuna baridi. Na tiketi ya basi la kutoka Kyela usiikate mpaka uwe umekanyaga Kyela.