Kizazi Kilichorudi Nyumbani

Sisi tuliozaliwa Kongo kabla ya uhuru wa 1960 tunazidi kupungua. Wajukuu zangu, kabla hatujaisha, mtazameni vizuri mmoja wetu: Daktari Jean-Jacques Muyembe, mtoto wa wakulima wa Bandundu, aliyezaliwa 1942. Alisomea udaktari Lovanium, Kinshasa, akabobea katika elimu ya virusi huko Leuven, Ubelgiji, kisha akarudi kwao.

Mwaka 1976 alitumwa Yambuku, kwenye hospitali ya misheni ambako watu walikuwa wakifa kwa homa isiyojulikana. Kila asubuhi wauguzi walipewa sindano tano tu, zikatumika kwa mgonjwa baada ya mgonjwa, zikisuuzwa kwa maji. Muyembe alitoa damu bila glavu. Kila alipochomoa sindano, damu ilikataa kuganda, ikatiririka hadi ikamlowesha vidole. Akanawa kwa maji na sabuni, akaendelea na kazi. Alirudi Kinshasa na mtawa mmoja mgonjwa, na damu ya mtawa huyo ikasafirishwa hadi Antwerp ndani ya chupa ya chai. Hivyo ndivyo dunia ilivyoijua Ebola, iliyoua watu 280 katika mlipuko huo.

Ilipozuka Kikwit mwaka 1995, aliwapa wagonjwa 8 damu ya watu waliopona. Saba wakapona. Wataalamu wa nje hawakuridhika na ushahidi huo, lakini hakuiacha fikra yake. Kutokana na damu ya mtu aliyenusurika Kikwit, yeye na watafiti wa Marekani walipata kingamwili iliyozaa dawa. Ilijaribiwa huku kwetu mashariki wakati wa mlipuko wa 2018 hadi 2020, uliochukua watu zaidi ya 2,200, ikaonekana inaokoa. Marekani iliidhinisha dawa hiyo, Ebanga, Desemba 2020.

Mnapotusifu kwa ushujaa, nashukuru, ila tusidanganyane. Mikono mitupu ya Yambuku ilikuwa umaskini, na umaskini haurithishwi kwa fahari. Kinachostahili kurithiwa ni kule kurudi, na kule kushikilia swali moja kwa miaka zaidi ya arobaini mpaka lijibiwe. Nanyi mnaoshika hazina ya serikali, wapeni madaktari vijana glavu, maabara na mshahara unaofika kwa wakati. Wakiwa na hivyo, hawatahitaji kuwa mashujaa ili wabaki.