Koleo la mfukoni: jina lile lile, chuma kingine

Leo naweka kando misimbo na hifadhidata, nizungumzie chuma. Wengi wenu mnalijua lile koleo linalojikunja likatoshea mfukoni, na ndani ya mipini yake mna kisu, bisibisi, tupa na kifungua chupa. Nimelibeba tangu mwaka wangu wa kwanza chuo kikuu. Nimefungulia tarakilishi nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, nikakatia nyaya za mtandao, na hata kukaza bawaba za mlango wa chumba cha kupanga.

Nimenunua mara tatu: 2016, 2019 na 2023. Kampuni ni ile ile na jina la modeli halijabadilika. Kampuni yenyewe sitaitaja. La kwanza lilikaa kwa baba, la pili lilikatika springi, la tatu ndilo natembea nalo. Juma hili nimeyapanga yote matatu mezani, na tofauti zinaonekana bila miwani.

Kwanza historia kidogo. Mwaka 1975 Mmarekani Tim Leatherman alizunguka Ulaya na mkewe kwa gari kuukuu aina ya Fiat lililokuwa likiharibika kila mara. Kisu cha mfukoni alikuwa nacho, ila alikosa koleo. Ilimchukua miaka kuunda alichokitaka, na koleo lake la kwanza likaingia sokoni mwaka 1983. Uswisi walikuwa wametangulia kwa visu: Karl Elsener aliwapa wanajeshi kisu chenye bisibisi mwaka 1891. Mawazo hayo mawili yana shabaha moja, yaani kumfaa mtu aliye mbali na duka na mbali na fundi. Ndiyo maana ubora hapa si urembo.

Haya basi, nilichokiona:

1. Kiungo. La 2016 limeungwa kwa skrubu. Ukiona limelegea unakaza, likijaa vumbi unalifungua na kulipaka mafuta. La 2023 lina ribiti zilizopondwa. Likilegea, limelegea.

2. Bisibisi. Ya zamani ina kingo kali hadi leo. Mpya ilijipinda kwenye skrubu ya kasha la seva. Chuma kisichoshika kutu hakiwi kigumu chenyewe tu. Kile cha visu hupashwa moto kupita nyuzi 1,000, kikapozwa haraka, kisha kikapashwa tena kwa joto dogo ili kisiwe chepesi kuvunjika. Ukiharakisha hatua moja, kwa macho hutaona kitu. Utaona siku ya kazi.

3. Komeo la kisu. Hili ndilo linaloniudhi zaidi. La kwanza linashika kisu imara. La tatu linacheza, na ukisukuma kidogo kisu kinaanza kujifunga kuelekea vidole.

Mtaniambia ya kale ni dhahabu na kwamba mabovu ya zamani yalishatupwa, ndiyo maana tunayaona mazuri tu. Ni kweli, na koleo matatu si utafiti. Lakini skrubu kuwa ribiti si bahati mbaya ya koleo moja. Huo ni uamuzi wa mtu aliyeketi na karatasi ya gharama.

Kupunguza gharama si dhambi. Kinachonikera ni ukimya. Sisi waandishi wa programu tukibadilisha kitu huandika maelezo ya mabadiliko, na toleo hupewa nambari mpya. Kwa utaratibu wa Semantic Versioning, badiliko linalovunja kazi za watumiaji huinua nambari ya kwanza: kutoka 1 hadi 2. Koleo langu limetoka 1 hadi 3, na pakiti bado inasema ni lile lile. Mteja anayesifu la 2016 anamuuzia rafiki yake la 2023 bila kujua. Inawezekana kufanya vizuri zaidi: koleo nyingi za Leatherman zimechongwa ndani ya mpini tarakimu za mwezi na mwaka wa kutengenezwa. Hatua ndogo, lakini angalau unajua umeshika nini.

Na dhamana? Ipo, imeandikwa vizuri. Ila kulituma koleo ng'ambo kutoka Nairobi kunakula sehemu kubwa ya bei yake, kwa hivyo kwetu dhamana hiyo ni karatasi.

Nimeyaandika haya kwa sababu dada yangu mdogo anaanza kazi ya ufundi wa mitandao mwezi ujao. Atapanda minara. Ameniuliza anunue lipi, na miaka yote jibu langu lilikuwa moja. Sasa siwezi kumpa kisu kinachojifunga akiwa ameshika ngazi kwa mkono mmoja. Nimemwambia anunue koleo la kawaida, bisibisi mbili na kisu cha ala. Mkoba utakuwa mzito, lakini kila kimoja atakikagua dukani kabla ya kulipa.

Ukishikilia kununua la kukunja, usiangalie jina. Lifunge koleo, lielekeze kwenye mwanga uone kama midomo inakutana. Fungua kisu, kitikise. Tafuta skrubu. Muuzaji akikataa lisifunguliwe kwenye pakiti, rudisha pesa mfukoni.

Nanyi, kifaa gani mlichokiamini kimewabadilikia kimya kimya?