Mama, Safari Hii Tunalala Hotelini

Mwaka 2022 nilimdanganya mama yangu tarehe ya kufika. Nilimwambia tungetua Dar es Salaam Jumatano, kumbe tulikuwa tumeshatua Ijumaa iliyotangulia. Siku tano hizo tulikuwa Nungwi, kaskazini mwa Unguja, mimi, mume wangu na watoto wetu wawili, katika hoteli yenye vitanda vipana na bwawa linalotazama bahari.

Nilikuwa na sababu zangu. Zamu za usiku wodini hapa Uingereza zilikuwa zimenimaliza. Wenzangu mnazijua safari zetu za nyumbani: mabegi ya zawadi, nyumba kumi za kusalimia, harusi moja, misiba miwili, halafu unarudi kazini umechoka kuliko ulivyoondoka. Nilitaka siku tano za kutoulizwa kitu. Na niliona aibu. Mtu ana kwao Tanga, mama yupo, chumba kipo, anakwendaje kulipia kitanda?

Siri haikumaliza hata siku mbili. Mwanangu, wakati huo ana miaka sita, alichukua simu ya baba yake akamtumia bibi ujumbe wa sauti: "Bibi, leo tumewaona kasa! Na hoteli yetu ina bwawa!"

Mama hakujibu. Jumatano tulipofika Tanga tulikuta wali wa nazi, kuku na shuka mpya vitandani, kama kwamba hakuna lililotokea. Akasubiri mpaka jioni ya mwisho. Alikuwa amekalia mbuzi anakuna nazi, hakuninyanyulia hata uso.

"Mimi sina neno na hoteli yako," alisema. "Fedha umezitolea jasho. Lakini mwanangu akanyage nchi hii siku tano, mimi sijui? Ungepatwa na jambo huko, nani angekuja kuniambia?"

Sikuwa na jibu. Kazini kwangu simu ya kumwambia mama wa mtu naipiga mimi.

Kwa hiyo safari hii, ya Agosti, nimeanza upya. Kabla ya kutafuta tiketi nilimpigia mama nikamwambia yote: tunataka siku tano za hoteli nzuri, Unguja, na tunataka na yeye awepo. Akacheka kwanza. Halafu akanyamaza muda mrefu, nikadhani mtandao umekatika.

Habari zilimfikia kaka yangu mkubwa. Yeye akanipigia na swali moja: "Usiku mmoja wa hoteli hiyo ni bati ngapi?" Paa la nyumba ya mama linavuja upande wa jikoni, na kila mwaka tunasema mwakani. Sikukasirika, maana hesabu hiyo nilikuwa nimeshaipiga mwenyewe. Kwa miezi 18 nimekuwa nikiweka pembeni pauni 40 kila wiki, na kila wiki nimejiuliza kama ninayo haki. Tukakubaliana: hoteli iwe siku tatu badala ya tano, fedha za siku mbili ziende kwenye bati. Mama aliposikia mkutano wetu alisema, "Bati nalo lina zamu yake. Ila magoti yangu hayasubiri mtu."

Baada ya hapo mipango ilikwenda haraka, kwa sababu nilikuwa na mshauri ambaye sikumtumia mara ya kwanza. Mimi nilipenda hoteli moja ya Paje, pwani ya mashariki. Picha zake mchanga ni mweupe na maji ya kijani. Nikamtajia mama tarehe. Yeye ni mtu wa Pangani, baba yake alikuwa mvuvi. Akauliza mwezi utakuwa wa ngapi. Nikatazama kalenda: mwezi mpevu.

"Hilo bamvua," akasema. "Saa nne asubuhi hao watoto watakuta bahari imekwenda zake. Wataogelea kwenye mwani?"

Ni kweli. Mashariki mwa Unguja maji yakitoka huenda mbali sana, unabaki kutazama mchanga na kina mama wanaolima mwani. Wakati wa bamvua maji hupwa katikati ya asubuhi, saa ile ile watoto wamemaliza kifungua kinywa na wamevaa nguo za kuogelea. Isitoshe, Agosti ni msimu wa kusi: mvua ni chache na jua si kali, lakini upepo unaipiga pwani hiyo ya mashariki. Nungwi na Kendwa, upande wa kaskazini-magharibi, maji hayaendi mbali namna hiyo na upepo ni mdogo. Hakuna picha ya hoteli iliyoniambia hayo. Tumechagua Kendwa.

Mengine niliyoyapanga ni haya, huenda yakakufaa nawe. Mimi na mume wangu bado tuna pasi za Tanzania, lakini watoto wana za Uingereza. Kila mmoja wao anahitaji viza ya dola 50. Na tangu Oktoba 2024 wageni wanaoingia Zanzibar wanatakiwa kukata bima ya huko huko, dola 44 kwa mtu mzima, hata kama una bima nyingine ya safari. Hoteli nyingi zina bei ya wageni na bei ya wakazi. Uliza kwa maandishi kama pasi yako ya Tanzania inatosha kupata ya pili, maana nyingine zinataka uwe unaishi nchini. Kwa mama niliomba chumba cha chini karibu na chumba cha kulia, na bafu lisilo na ngazi ya kupanda. Dawa zake za presha zitakaa kwenye mkoba wa mkononi. Begi likipotea, lipotee na kanga.

Jambo moja nalisema kama nesi. Mume wangu alicheka nilipomwekea dawa za kinga ya malaria. "Mimi mtoto wa Tanga, mbu wa kwetu wananijua." Walimjua zamani. Kinga anayokulia nayo mtu hupungua akikaa nje miaka, na watoto waliozaliwa huku hawana kabisa. Hapa Uingereza wagonjwa wengi wa malaria si watalii. Ni watu kama sisi, waliotoka kutembelea ndugu Afrika bila kinga kwa kuamini kwamba kwao ni kwao. Zanzibar malaria imepungua sana lakini haijaisha, na sisi baada ya Unguja tunavuka kwenda Tanga. Muone daktari au mfamasia mapema. Zipo dawa zinazoanzwa siku moja au mbili kabla ya safari na kuendelea siku saba baada ya kurudi. Nyingine huendelea wiki nne. Na mkisharudi, homa yoyote hata miezi baadaye, nenda hospitali siku hiyo hiyo na useme wazi umetoka wapi.

Bado sijui kama nimeamua vyema kuhusu zile fedha. Kuna usiku wodini nalihesabu tena bati. Lakini mama ana miaka 67, amekaa kando ya bahari hii maisha yake yote, na hajawahi kuletewa chai akiwa amekaa anaitazama. Kila mara yeye ndiye aliyekuwa akiichemsha.

Juzi alinipigia kuniuliza kama hoteli itamruhusu aingie na vitumbua vyake, maana asubuhi hali mkate wa watu. Nimewaandikia, wamekubali. Akaniuliza tena tarehe, nikaitaja. Nyuma yake nikasikia sauti ya jirani ikisahihisha: "Siyo tarehe 8 mama, ni tarehe 7, ulituambia jana."

Mtaa mzima unajua tunafika lini.